Risperidoni na mtoto mwenye usonji

Swali: Tunakaa Kadutu, Bukavu. Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Anajipiga kichwa ukutani na kuwauma wadogo zake. Daktari amemwandikia risperidoni. Itamponya? Na kwa kuwa sasa ana dawa, mazoezi ya nyumbani tuyaache?

Jibu: Mama, hapana kwa yote mawili.

Mpaka leo hakuna dawa inayoondoa usonji wenyewe. Risperidoni haimfundishi mtoto kusema wala kucheza na wenzake. Inapunguza hasira kali, kuuma na kujiumiza. Kwa hilo inasaidia kweli. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 101 waliofuatiliwa kwa wiki 8: kati ya waliomeza risperidoni, 69% walipata nafuu kubwa, kati ya waliomeza vidonge visivyo na dawa, 12% tu. Lakini wenye dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7, wenzao 0.8. Kwa hiyo apimwe uzito kila mwezi. Ukiona anasinzia mchana kutwa au misuli inakakamaa, mrudishe kwa daktari. Usimkatishe dawa ghafla.

Mwaka 2009 yakatoka matokeo ya watoto 124, wiki 24. Wale ambao wazazi wao walifundishwa pia namna ya kushughulikia tabia walipungua ukaidi na hasira kuliko waliopata dawa peke yake, tena kwa dozi ndogo kidogo: miligramu 1.98 kwa siku dhidi ya 2.26. Ndiyo maana nakusihi usiache mazoezi ya nyumbani.

Chukua kaye (daftari). Kila akijipiga, andika kilichotangulia na kilichofuata. Tuseme umeme umekatika, jirani kawasha jenereta, mtoto kajipiga, ukampa simu anyamaze. Kelele ndizo zilizomchokoza, na simu imemfundisha kwamba kujipiga kunalipa. Basi umeme ukikatika tu, mpeleke chumba cha nyuma. Mfundishe kukuvuta mkono au kugusa picha ya simu. Akifanya hivyo, mpe papo hapo. Akijipiga, kinga kichwa chake kwa mto, usipige kelele, na simu isitoke. Siku za kwanza anaweza kuzidisha; vumilia, na nyumba nzima ishike utaratibu mmoja, bibi pia.

Kabla dozi haijaongezwa, omba achunguzwe masikio, meno na tumbo. Mtoto asiyeweza kusema jino linamuuma huenda ndiyo sababu anajigonga. Kaye hiyo mpelekee daktari, aisome kabla ya kuandika dozi mpya.