Shangazi Anajibu: Masika, nepi na uniti za luku

*Shikamoo shangazi. Tunakaa ghorofa ya tatu, Sinza, Dar es Salaam. Nina mapacha wa miezi mitano wanaovaa nepi za kitambaa, na mkubwa wao yuko darasa la pili. Tangu masika yaanze nguo zinakaa ndani siku mbili tatu na zinanuka uvundo. Usiku nazipigia feni, asubuhi namalizia na pasi. Tuko tarifu 4, tulizoea uniti 70 hivi kwa mwezi, sasa luku inapiga kelele kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema tununue mashine ya kukaushia, yaishe. Unashaurije? Mama Pacha, Sinza*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Mimi nimefua mashuka ya gesti Tanga miaka 19, vitanda 14, kwa hiyo masika tunajuana.

Tuanze na mashine. Hizi za kawaida zinakula uniti 3 hadi 4 kwa mzigo mmoja. Kwa nepi za watoto wawili utaiwasha mara 4 kwa wiki, si pungufu. Hata tukihesabu uniti 3 tu, hizo ni karibu 50 kwa mwezi. Lakini kinachouma zaidi ni tarifu yenyewe. Tarifu 4 ni ya mtu asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ndiyo maana uniti yako, kodi ndani, ni kama shilingi 122. Ukizidisha mwezi baada ya mwezi unahamishiwa tarifu ya kawaida, na huko uniti ni kama shilingi 356 kwa kila kitu, hadi taa ya chooni. Leo uniti 70 ni kama shilingi 8,500. Uniti 120, yaani 70 zako na 50 za mashine, kwa tarifu ya kawaida zinakaribia 43,000. Mpe baba watoto hesabu hiyo akishamaliza kula.

Feni usiilaumu. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 inakula nusu uniti tu. Anayekumaliza ni pasi. Unaifanyisha kazi ya jua, unakaa nayo nusu saa juu ya suruali moja mbichi, mvuke unapanda na uniti zinashuka.

Sasa sikia: nguo yako inachelewa kukauka kwa sababu inapanda kambani na maji mengi mno. Juzi nilichukua taulo langu la kuogea, likiwa kavu lina gramu 600 kwenye mizani ya jikoni ya binti yangu. Nikalisuuza, nikalikamua kwa mikono hadi viganja vikawasha, likasoma gramu 1,500. Nikalitia kwenye mashine yake ya matangi mawili, lile tangi dogo la kukamulia, dakika 5: gramu 950. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya maji yaliyobaki yalitoka kwa umeme usiofika shilingi 10. Kama kuna hela ya kununua kitu, nunua mashine ya namna hiyo. Kama haipo, tandaza taulo kavu, lalisha nguo juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha panda kwa magoti. Mapacha wakianza kutambaa watakusaidia kukanyaga.

Kuanika nako kuna ufundi wake. Shuka usilikunje mara mbili juu ya kamba moja. Pale kwenye mkunjo ndipo uvundo unapozaliwa. Funga kamba mbili, upana wa mkono kati yake, shuka lipite juu ya zote mbili kama paa la hema ili upepo upite chini. Kabla ya hapo likung'uteni watu wawili, lilie "pwaa!" Jinzi igeuze ndani nje, mifuko itoke, itundike kwa kiunoni. Nepi ziachane, zisishikane mikono kama watoto wa chekechea.

Ndani, sogeza stendi mbali na ukuta, feni isimame ubavuni ipulize katikati ya nguo, na madirisha ya pande mbili yawe wazi hata kama nje mvua inanyesha. Ukifunga, unyevu uliotoka kwenye nguo unabaki chumbani na unarudi kulekule. Mimi mwaka wangu wa kwanza pale gesti nilifunga kila kitu nikidhani natunza joto. Mashuka 9 yaliota madoa meusi, na nikakatwa mshahara.

Fua usiku, ukamue, ili saa moja asubuhi mvua ikikatika kidogo nguo iwe tayari kutoka.

Pasi usiitupe, ibaki kwa nepi zilizokwisha kukauka. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini, na mayai yakiangua, funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto. Piga pasi ya moto pande zote mbili, na kwenye mishono usiwe na haraka.

*Shangazi, huku Njombe Juni na Julai ni baridi na ukungu. Naweka jiko la mkaa chumbani usiku, nguo zinakauka vizuri tu. Kuna ubaya? Baba Mdogo*

Toa hilo jiko leo, usingoje kesho. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki kufungua mlango. Nguo zako ziache kambani tangu saa nne, ukungu ukishapanda, hadi saa tisa. Zianue kabla baridi haijazirudishia umande, uzitundike sebuleni palipo wazi zimalizie kesho yake. Na ukiwa na sweta moja tu, Baba Mdogo, tafuta la pili.