Breka ya winchi ya nanga inakata: niweke kubwa zaidi?

SWALI: Winchi yangu ya nanga ni ya volti 12. Kushusha haina shida, ila nikipandisha inazubaa, inanguruma, kisha breka (swichi inayokata umeme ukizidi) inakata. Betri inasoma 12.6. Fundi anasema mota imekufa, isukwe upya, au niweke breka kubwa zaidi. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate lolote. Hiyo 12.6 ni ya betri iliyolala, haikuambii chochote kuhusu winchi inayovuta mzigo.

Washa injini, kisha weka mita kwenye nati mbili za mota yenyewe huku mwenzako akibonyeza swichi na nanga ikivutwa. Mikono mbali na mnyororo. Betri ikibaki na 12 na mota ikapata 9, mwizi wa volti yuko kwenye waya au viungo kati ya betri na mota. Betri yenyewe ikianguka, tatizo ni betri. Mota ikipata volti zake na bado inalegea, hapo ndipo ufungue utazame kaboni, yaani brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota.

Kumtafuta mwizi, pima kipande kwa kipande winchi ikiwa na mzigo: ncha moja ya mita upande huu wa kiungo, ya pili upande wa pili. Utakachosoma ndicho kinachopotea hapo. Usisahau waya wa hasi. Wengi huishia kwenye chanya. Solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwa mota, kulia “tak” si ushahidi kwamba ni nzima, kwani meno yake ya ndani huungua na mlio ukabaki. Kisha menya mpira kidogo karibu na kichwa cha waya. Shaba ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, kata hadi ufike inayong'aa. Kwa ampea 100, kiungo chenye omu 0.02 tu kinakula volti 2 na kutoa joto la wati 200.

Sasa hii breka kubwa. Inanichosha, maana nakutana nayo kila mara. Breka iko pale kulinda waya. Haiongezi nguvu hata chembe. Mota iliyonyimwa volti inashindwa kuzunguka chini ya mzigo, na mota iliyokwama hunywa ampea nyingi kupita kiasi. Ukizuia breka isikate, kitakachofuata kuungua ni waya, tena nyuma ya mbao ambako huoni moshi mapema. Nimefungua maboksi nikakuta boliti mahali pa fyuzi, na mwenye chombo analala humo na watoto wake.

Na wewe unayeburuta chombo kizima kwa winchi dhidi ya upepo, acha. Sogea juu ya nanga kwa injini. Winchi ikusanye mnyororo uliolegea.