Landilodi Akikuuliza Mpangaji Anaugua Nini

Ukifanya kazi ya afya katika mitaa ya mabanda kama Mukuru, Nairobi, swali hili litakufikia kabla ya mshahara: "Huyu wa namba saba anakohoa usiku kucha. Ana nini?" Anayeuliza si mtu mbaya. Ana watoto, kuta ni za mabati, na ploti nzima inapanga foleni kwenye choo kimoja.

Mimi hujibu, "Mzee, habari za mgonjwa simpi mtu mwingine. Lakini kama kuna mtu kwako anakohoa, au mtoto anazidi kukonda, njooni kliniki kesho, kupimwa TB ni bure." Huondoka amenuna. Sawa tu. Ningetaja ugonjwa, jioni mpangaji angeambiwa ahame, dawa zikatike, akaambukize watu wa mtaa mwingine ambako hakuna anayemfuatilia.

Wanaohitaji kujua ni wanaolala naye chumba kimoja. Mwombe mgonjwa mwenyewe awalete. Wengi hukubali ukiwaeleza kwamba watoto wa chini ya miaka mitano ndio TB huwashika vibaya, na kwamba kuna dawa za kuwakinga. Akiogopa kumwambia mumewe, na kama si mume wa kupiga, aje naye mzungumze nyote watatu. TB ya kawaida, ile isiyo sugu kwa dawa, ikitibiwa sawasawa, baada ya wiki kama mbili uwezo wa kuambukiza huwa umeshuka sana, kwa hiyo pigania siku hizo za mwanzo: dirisha wazi, barakoa, alale peke yake ikiwezekana.

Ndiyo, sheria inataka TB iripotiwe. Ripoti huenda kwa afisa wa afya, si kwa landilodi wala kwa kundi la WhatsApp la wapangaji.

Kuna wanaotaka nguvu itumike. Ilishatumika: mwaka 2010, Kapsabet, wagonjwa walitupwa gerezani kwa kukatiza dawa. Machi 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwafunga hivyo ni kinyume cha Katiba. (Seli zilizojaa watu wanaovuta hewa moja! Sijui nani aliita hiyo kinga.)

Halafu jiangalie wewe mwenyewe. Jaketi lenye maandishi ya mradi livue kabla ya kuingia ploti, na vikopo vya makohozi viwe ndani ya mkoba wa kawaida. Bisha milango kadhaa, uulize habari za kikohozi kote, si mlango mmoja tu. Mgonjwa akikupigia ukiwa ndani ya matatu, mwambie utampigia ukishuka.