Spätburgunder, mvinyo mwekundu wa Ujerumani: upoze kidogo, kisha uutafutie chakula chake

Ukimiminiwa Spätburgunder kwa mara ya kwanza, usiuhukumu kwa rangi. Wengi wetu tumezoea mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, mzito na wenye rangi iliyokolea. Huu ni mwepesi kiasi kwamba ukiinamisha glasi juu ya gazeti, maandishi ya chini yanasomeka. Haujatiwa maji. Zabibu zake, ambazo Wafaransa huziita Pinot Noir, zina ganda jembamba, na ganda ndilo linaloupa mvinyo mwekundu rangi na ukakasi, ule unaoukausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Hata Pinotage, ambayo wengi mmeshaionja, ni mtoto wa zabibu hizi: ilizalishwa Afrika Kusini mwaka 1925. Mtoto ana nguvu kuliko mzazi, ila kwa harufu, kwangu mimi mzazi hana mpinzani.

Naishi Bonn, na ninaoupenda zaidi unatoka Bonde la Ahr, mto mdogo unaoingia Rhine kusini kidogo mwa mji huu. Bonde hilo liko kaskazini ya latitudo 50, mahali ambapo hungetarajia zabibu nyekundu ziive. Zinaiva kwa sababu zimepandwa kwenye miteremko mikali inayotazama kusini, juu ya mawe meusi ya sleti yanayofyonza jua mchana na kuliachia joto lake usiku. Baridi nayo ina kazi yake: inaulinda uchachu wa zabibu, na uchachu huo ndio uhai wa mvinyo wenyewe. Wakulima wa kule si watu wa kukata tamaa. Ushirika wao wa kijiji cha Mayschoß ulianzishwa mwaka 1868. Mafuriko ya Julai 2021 yaliua watu zaidi ya 130 bondeni humo na kujaza matope kwenye maghala ya mvinyo, na chupa zilizookolewa ziliuzwa hivyo hivyo na matope yake ili kuchangia ujenzi mpya. Ndiyo maana nasisitiza: ukiupata, uupe nafasi ya haki.

Nafasi hiyo inaanzia kwenye joto lake. Nyuzi 14 hadi 16 zinatosha. Ukiachwa sebuleni kwenye nyuzi 22, kileo kinapanda puani na tunda linapotea. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Kama uko Dar au Mombasa, iache saa nzima. Chukua glasi yenye tumbo pana, uijaze theluthi tu. Nusa kwanza kabla hujaitikisa. Utakutana na cheri, stroberi, wakati mwingine forosadi. Tikisa, nusa tena: mvinyo uliokaa miaka kadhaa utakupa uyoga na majani makavu, na ule uliolala kwenye mapipa ya mbao utakuwa na moshi kidogo. Ukishaunywa, sikiliza pembeni mwa ulimi. Mate yakikujaa, huo ndio uchachu niliousema.

Sasa chakula. Wajerumani wanaunywa na bata bukini wa kuoka na kabichi nyekundu, mlo wa Novemba, au na nyama ya kulungu na mchuzi wa uyoga. Mantiki yake ni kwamba uchachu unakata mafuta, na kwa kuwa ukakasi ni mdogo, nyama laini haizidiwi. Kwa sababu hiyo hiyo unakwenda hata na samaki mwenye mafuta kama salmoni, jambo ambalo mvinyo mwekundu mzito hauliwezi.

Kwa jiko langu mwenyewe, pilau ya nyama ndiyo nambari moja. Mdalasini na karafuu zinaamsha manukato ya mvinyo, na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia kinaupa utamu wa kuegemea. Masharti ni mawili: pilipili iwe kando, maana kileo huuchochea moto wake, na kachumbari isizidi ndimu, la sivyo mvinyo utaonekana umepooza. Kuku wa nazi mpe Riesling, mvinyo mweupe. Nyama choma ya ng'ombe iliyoungua pembeni nayo inaufunika kabisa. Hapo tafuta Lemberger, mvinyo mwekundu kutoka Württemberg, kusini mwa Ujerumani, wenye rangi na ukakasi zaidi.

Dukani soma lebo. Neno "trocken" likiwepo, si mtamu. "Halbtrocken" una sukari ya kusikika, na pilau yako haiihitaji. Usianze na zile chupa za bei ya juu zilizoandikwa "Großes Gewächs". Nyingi zinataka kulala miaka kadhaa kabla ya kufunguka. Ikibaki nusu chupa, rudisha kizibo na uiweke kwenye friji. Siku ya pili mara nyingi harufu yake bado nzuri, siku ya nne utumie kwenye mchuzi.