Je, guru huabudiwa?

SWALI: Salaam aleikum, Mhariri. Jirani yangu mwenye duka la vitambaa hapa Malindi ni Mhindu. Kila asubuhi, kabla hajafungua daftari la mauzo, huivisha koja la maua picha ya mzee mmoja iliyotundikwa ukutani, kisha akawasha udi. Nilipomuuliza, alisema huyo ndiye guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho. Je, wanamwabudu mwanadamu? Na aliye wa kweli wanamjuaje, maana matapeli wa dini hawakosi popote?
Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam. Dini zilizozaliwa Bara Hindi hazina kauli moja katika jambo hili. Wako Wahindu wanaomheshimu guru kama kiongozi wa njia tu, na wako wanaoamini kwamba Mungu mwenyewe humfunza mja kupitia kwake, na hao ndio wasioona taabu kumpa maua na udi, hasa siku ya Guru Purnima, sikukuu ya kuwaheshimu maguru, ya mwezi mpevu ambao kwa kawaida huangukia Julai. Ubeti mashuhuri unaonasibishwa na Kabir, mshairi wa Varanasi, huuliza: Mungu na guru wakisimama mbele yangu pamoja, niiname miguuni pa nani kwanza? Jibu lake ni pa guru, kwa kuwa ndiye aliyemwonyesha Mungu.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Mundaka, mojawapo ya maandiko ya kale yaitwayo Upanishadi, humwagiza mtafuta elimu amwendee mwalimu akiwa na kuni mkononi, ishara ya kwamba yu tayari kumtumikia na kuutunza moto wa ibada. Lakini mwalimu mwenyewe hushurutishwa mambo mawili, awe ameyamudu maandiko, na awe amezama katika ule Ukweli anaoufundisha. Usomi mtupu hautoshi, wala ucha Mungu usioweza kumwondolea mwanafunzi shaka. Bhagavad Gita (4:34), andiko jingine la Wahindu, nayo humtaka mwanafunzi anyenyekee, atumike na aulize. Hilo la kuuliza, kwa maoni yangu, ndilo wafuasi wengi hulisahau, na ndilo tapeli asilolipenda. Tena guru huulizwa alifunzwa na nani, kama sheikh wa twarika, njia ya Kisufi, hapa pwani anavyoulizwa silsila yake, yaani mnyororo wa walimu wake, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ingawa silsila njema haimzuii mtu kuharibika.

Masingasinga walilikata shauri hili kwa namna yao. Walikuwa na maguru 10, kuanzia Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, hadi Gobind Singh, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1708 alikomesha mfululizo wa maguru wanadamu na kuukabidhi uguru kwa kitabu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430. Ukiingia hekaluni mwao utakikuta juu ya mito, chini ya chandalua, kikipepewa kwa usinga, na usiku hufungwa kwa vitambaa na kupelekwa mahali pake pa kupumzikia. Hata hivyo watakuambia kwamba anayeabudiwa ni Mungu mmoja peke yake, na kwamba kitabu hicho husomwa ili kifuatwe.