Bahari "ya Kifo" Ina Wenyewe

SWALI: Shikamoo Bibi. Naishi Seeb, Oman, ila kwetu ni Unguja. Kijana wangu wa miaka 13 karudi shule akisema bahari iliyo mbele yetu ina "eneo la kifo": chini huko hakuna oksijeni wala kinachoishi. Tangu siku hiyo hataki kuogelea. Ni kweli? Na hao bakteria wa naitrojeni aliotajiwa ni wadudu gani?
Mama wa watatu, Seeb

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie aogelee. Maji ya ufukweni yanapigwa na upepo na mawimbi, hewa imo tele. Eneo aliloambiwa linaanza kwenye mita mia na zaidi chini, likashuka hadi mita elfu moja na kupita. Kuhusu oksijeni hakudanganywa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walitangaza matokeo ya roboti walizozitumbukiza Ghuba ya Oman: oksijeni ilikuwa imepungua kuliko walivyotarajia, tena katika eneo kubwa kuliko Scotland. Linaloniuma ni neno "kifo".

Ujanani nilifanya kazi ya maabara kwenye meli ya utafiti katika Bahari ya Arabu, ambayo Ghuba ya Oman ni mkono wake. Zamu yangu ilikuwa kupokea maji. Fremu ya chuma yenye chupa nyingi inashushwa kwa kebo, kila chupa inajifunga kwenye kina chake, kisha inapandishwa sitahani. Unachukua mpira mwembamba, unauingiza mpaka kwenye kitako cha kichupa cha kioo, unayaacha maji yafurike ili kisibaki hata kipovu kimoja. Halafu unatia dawa mbili, moja ya manganizi, nyingine ya ayodini yenye magadi makali. Maji ya juu yakageuka kahawia papo hapo: oksijeni ipo. Ya mita 300 yakafanya utando mweupe kama tui, yakabaki hivyo. Niliyashika mkononi nikisubiri yageuke. Hayakugeuka.

Kutoka chupa ileile nikachota mengine, nikayatia dawa ya kupimia naitraiti, yaani naitrojeni iliyoshikana na oksijeni mbili. Yakaanza kuwa na rangi hafifu ya waridi, yakakolea mpaka yakafanana na juisi ya choya. Naitraiti ile haikujileta. Alikuwapo anayeitengeneza, mulemule gizani. Kichupa cheupe kilisema pumzi hakuna; cha waridi kikasema nyumba ina wenyewe. Ndiyo maana sikubali hilo neno.

Kwa nini pale? Kusi, mwanangu, upepo uleule uliorudisha majahazi ya babu zako Arabuni. Ukivuma pwani ya Somalia na Oman, unayasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, na maji baridi yenye rutuba yanapanda kuziba nafasi. Vijimea vya baharini vinastawi, vinakufa, vinazama, na bakteria wanaoviozesha wanatumia oksijeni yote njiani. Kaskazini bahari ile imezibwa na bara, kwa hiyo maji mapya ya kina yanafika polepole.

Oksijeni ikiisha, bakteria wengi hawafi, wanabadili pumzi. Naitreti ni naitrojeni iliyoshikana na oksijeni tatu. Wanaibandua moja, inabaki naitraiti, ile ya waridi. Wakiendelea kubandua, wanapita kwenye gesi ya naitrasi oksaidi, ileile ya madaktari wa meno, na mwisho inatoka naitrojeni tupu, ambayo ni asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi.

Usidhani ni bakteria mmoja anayefanya kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Hatua ya kwanza ina mafundi wengi mno. Za mbele zina wachache, na wengi wana zana ya hatua moja au mbili tu. Wanachobakisha anakipokea jirani. Ukisoma jeni ya hatua ya naitraiti katika maji ya Bahari ya Arabu unakuta aina chungu nzima, na nyingi hazifanani na zilizowahi kuoteshwa maabara.

Wapo wengine nawapenda zaidi, wa anamoksi. Hawa wanaoanisha amonia na naitraiti, na kutoka hapo inatoka gesi ya naitrojeni. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Austria, Engelbert Broda, alipiga hesabu za nishati akaandika kwamba viumbe wa namna hiyo wanawezekana, ila hakuna aliyewahi kuwaona. Walikuja kupatikana katika mtambo wa kusafishia maji machafu huko Delft, Uholanzi, ikaandikwa mwaka 1995. Mwaka 2003 wakaonekana Bahari Nyeusi. Bakteria wa tumboni akishiba hugawanyika kila dakika 20. Huyu huchukua kama wiki mbili. Mafuta ya utando wake yamejengwa kama vidato vya ngazi, na hayajapatikana kwa kiumbe mwingine yeyote. Na wakati wale wa kwanza ni aina chungu nzima, hawa wa baharini karibu wote ni wa jenasi moja, Scalindua. Mmoja amepewa jina la Broda.

Kuwajua mmoja mmoja kuna maana kubwa. Inakadiriwa kwamba theluthi moja hadi nusu ya mbolea ya naitrojeni inayopotea baharini inapotelea katika maji haya machache yasiyo na oksijeni. Mnyororo ukifika mwisho, kinachotoka ni hewa isiyo na dhara. Ukikatika kabla, inatoka naitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 270 ya kilo ya kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Nani yupo chini kule, na nani hayupo, ndiyo inayoamua.

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Kigoma. Ziwa letu nalo chini halina oksijeni. Je, hao bakteria wa anamoksi wapo huku, au ni wa maji ya chumvi tu?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, wapo! Mwaka 2006 watafiti waliandika kwamba wamewakuta wakifanya kazi katika Ziwa Tanganyika, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa katika ziwa la maji baridi. Ziwa lenu lina kina cha karibu mita 1,470, lakini oksijeni inakoma kwenye mita 100 hadi 200 hivi. Dagaa na migebuka wanaishi juu ya mstari huo. Anamoksi wanakaa mstarini penyewe, kwa sababu wanahitaji vitu viwili visivyokaa pamoja: amonia inapanda kutoka chini, na naitraiti inatokana na naitreti inayoshuka kutoka juu. Mita chache tu juu au chini zinaweza kuwa tofauti ya kushiba na kulala njaa kwao. Ukisafiri na meli kwenda kusini mwa ziwa, mahali hapo pako chini ya miguu yako safari nzima.