Kabla hujasema umenasa kituo cha majasusi

Wengi wanaoanza kusikiliza masafa mafupi huvutwa na vituo vya namba, vile ambavyo sauti husoma tarakimu tupu kwa ajili ya mtu mmoja aliye mbali. Hamu hiyo ni nzuri, ila huwafanya wadhani kila mlio mgeni ni siri ya serikali. Ukikuta kwenye 14074 kHz vijitoni vingi vinavyoanza na kukoma pamoja kila sekunde 15, hiyo ni FT8, mfumo wa kidijitali ambao wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha tu, huutumia kutafutana duniani. Na ukisikia mlio nyumbani kwako tu, wakati redio nyingine ya jirani haiusikii, zima chaja na taa za LED kwanza.

Andika kabla ya kukisia. Masafa kwa kilohezi (kHz), namna ya urushaji kama ni AM au USB (upande wa juu wa wimbi, si ule waya wa kompyuta), upana wa ishara, idadi ya toni na nafasi kati yake. Saa iandike kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kama ratiba zote zinavyofanya: saa kumi na mbili jioni ya Nairobi au Dar es Salaam ni 1500 UTC. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. MP3 hula vipande vya sauti ambavyo utavihitaji baadaye.

Kwa kujifunzia, hakuna kama HM01, kituo cha namba cha Kuba. Inarushwa kwa AM, na kama antena yako haiifikii, ingia kwenye redio za kupokelea zinazoendeshwa kupitia mtandao, zilizo karibu na Karibi. Sauti ya kike husoma kwa Kihispania makundi ya tarakimu tano tano, kisha unaingia mlio wa data unaokwaruza masikio. Hapo usisikilize tu, tazama. Ukiikuza picha ya mawimbi ambayo programu ya redio huichora kwenye skrini utaona mistari minane, nafasi kati yake karibu hezi 230. Huo ni RDFT, mfumo uliobuniwa na watu wa redio ya ridhaa ili kutumiana picha. Ndiyo maana DIGTRX, programu ya bure kutoka Brazil, inaweza kuipokea ile data na kukutolea faili.

Wageni wengi hufurahi hapo wakidhani wamefumbua ujumbe. Faili hilo bado limefungwa kwa ufunguo usio nao, na kulikodolea macho usiku kucha hakulifungui. Kuutambua mfumo ni kazi moja, kuusoma ujumbe ni nyingine kabisa. Majasusi wa Kuba waliokamatwa Florida mwaka 1998 walikuwa wakipokea maagizo kwa redio ya masafa mafupi, na FBI wenyewe, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliweza kuyasoma baada ya kuingia kwa siri nyumbani kwa mmoja wao na kunakili programu ya kufumbulia iliyokuwa kwenye kompyuta.